Fungu Dogo, Wahitaji Wengi: Sayansi ya Mawakala Wengi Katika Huduma ya Jamii

Mfumo wa mawakala wengi ni ule ambamo watu, mashine au programu kadhaa huamua kila mmoja kivyake, na uamuzi wa mmoja hubadilisha hali ya wengine. Tawi hili la akili mnemba hushughulikia swali linaloisumbua kila jamii: rasilimali ni haba, mahitaji ni mengi, na kila anayehusika ana akili na mipango yake. Askari wachache hulinda hifadhi kubwa. Wahudumu wachache wa afya hufuatilia maelfu ya akina mama. Wapelekwe wapi, na lini?

Jibu la kwanza lilitoka katika nadharia ya michezo, yaani hisabati ya maamuzi yanayotegemeana. Mwaka 1934 mwanauchumi Mjerumani Heinrich von Stackelberg alieleza ushindani ambamo mmoja hutangulia kuamua, na mwingine huamua baada ya kumtazama. Ulinzi uko hivyohivyo, kwa kuwa mhalifu huchunguza ratiba ya doria kabla ya kutenda.

Chukua mabwawa mawili ya kunyweshea wanyama, la kwanza likiwa na thamani mara mbili ya la pili, na kikosi kimoja cha doria. Kikikaa daima kwenye bwawa la kwanza, jangili ataenda la pili bila hofu. Kikigawa siku nusu kwa nusu, jangili atachagua la kwanza, maana humo ana nafasi sawa ya kuponea lakini faida maradufu. Hesabu huonyesha kwamba mgawanyo bora ni siku 20 za mwezi kwenye bwawa la kwanza na 10 kwenye la pili, zikipangwa kwa bahati nasibu ili asijue siku ipi ni ya wapi. Hapo mabwawa yote mawili humpa tamaa sawa, nayo ni ndogo kuliko katika mpango mwingine wowote.

Mwaka 2007 hesabu ya namna hii, iliyoandaliwa na Milind Tambe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, ilianza kupanga vizuizi vya polisi na doria za mbwa katika uwanja wa ndege wa Los Angeles. Baadaye ilihamia kwenye ulinzi wa bandari, kisha wanyamapori.

Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 2,000. Askari wake walikuwa wameweka kumbukumbu za doria kwa zaidi ya miaka kumi: walipopita, na walichokiona. Watafiti walizitumia kumbukumbu hizo kutabiri maeneo yenye hatari ya ujangili. Ugumu ulikuwa kwamba mtego wa waya hufichwa majanini. Askari akipita asiuone, haimaanishi kwamba haupo. Kwa hiyo programu ilifunzwa kuiamini taarifa ya "mtego umeonekana" kuliko ile ya "hakuna kitu". Yakachaguliwa maeneo mawili yasiyopitiwa sana, kila moja la kilomita za mraba 9, na askari wakayafanyia doria kwa mwezi mmoja. Walikuta tembo aliyeuawa na kukatwa pembe, bunda la waya za kutegea tembo, na mitego 10 ya swala.

Nchini Malaysia somo lilikuwa jingine. Mpango wa awali wa doria uliigawa ramani katika miraba na kuchora njia juu yake, lakini katika msitu wa milima watu hufuata migongo ya vilima na kingo za mito. Wataalamu walilazimika kuunda upya programu ifuate njia ambazo miguu ya askari inaziweza.

Mbinu hizo ziliingia pia katika afya. Huko Los Angeles, vijana wasio na makazi wako katika hatari kubwa ya kuambukizwa VVU, na waelimishaji rika hutumiwa kuwafikishia ujumbe wa kujikinga. Desturi ilikuwa kuchagua vijana maarufu zaidi. Kasoro yake ni kwamba maarufu mara nyingi hufahamiana wao kwa wao, hivyo ujumbe huzunguka kundi lilelile. Programu iliwachagua vijana ambao kwa pamoja wangefikia makundi mbalimbali, hata pale urafiki mwingine ulipokuwa haujulikani. Katika utafiti uliohusisha vijana zaidi ya 700, na matokeo yake kutolewa mwaka 2021, ngono bila kondomu ilipungua katika kundi ambalo waelimishaji wake walichaguliwa na programu. Uteuzi kwa umaarufu haukuleta mabadiliko kama hayo.

Huko Mumbai, India, shirika la ARMMAN huwapelekea wajawazito na akina mama wenye watoto wachanga ujumbe wa sauti kwa simu. Wengi huacha kusikiliza kadiri wiki zinavyopita, na wahudumu wa kuwapigia ni wachache. Programu humtafuta mama ambaye simu moja itambadilisha zaidi: si yule ambaye angesikiliza hata bila kupigiwa, wala yule ambaye simu haitamgeuza. Jaribio la mwaka 2021 lililohusu wanawake wapatao 23,000 lilionyesha kwamba njia hiyo ilipunguza upotevu wa wasikilizaji kwa karibu asilimia 30. Kupiga kwa zamu hakukuleta nafuu ya maana.

Mbinu hizi zina masharti yake. Kumbukumbu zikiwa zimeegemea upande mmoja, mpango nao utaegemea huko. Utabiri wa ujangili unaweza kuwaonea wanavijiji maskini usipoambatana na haki, na taarifa za wagonjwa na vijana zahitaji ridhaa na usiri. Aidha, hakuna programu inayoongeza askari au muuguzi hata mmoja.

Inachoweza programu ni kuhakikisha kwamba wachache waliopo wanafika panapohitajika zaidi. Taasisi inayotaka kunufaika na ianze kwa mambo mawili yasiyohitaji kompyuta kubwa: kuweka kumbukumbu kwa uaminifu, na kuwasikiliza wanaofanya kazi uwandani kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu.