Boksi la sabufa: uza lita, usiuze ukubwa

Wauzaji wenzangu wa muziki wa gari, mteja akirudisha sabufa akisema ni feki, kagua boksi kwanza.

Boksi la tundu ni kama kupuliza mdomo wa chupa: hewa ya ndani na ya kwenye bomba zinacheza pamoja na kutoa noti moja. Besi ikishuka chini ya noti hiyo, hewa haiizuii tena spika. Inaruka kupita kiasi, mwisho inakufa. Hapo unadaiwa hela.

Kwa sabufa ya inchi 12 mimi napiga hivi: ndani sm 50 × 36 × 40, hiyo ni lita 72. Toa kama lita 6 za spika, bomba na mbao za kukaza. Zinabaki 66. Bomba moja lenye upana wa ndani sm 10 na urefu sm 25 linatoa karibu 33 Hz. Ukilikata fupi, noti inapanda. Boksi likipungua, inapanda pia. Mdomo wake wa ndani uache nafasi ya sm 10 mpaka ukutani. Tumia MDF ya mm 18, gundi kila kiungo, ziba mianya kwa silikoni.

Ila kila sabufa ina lita zake, zimeandikwa kwenye karatasi ya kiwandani. Kabla hujapokea oda, omba picha ya karatasi hiyo. Kwenye posti andika lita zilizobaki na Hz. Ukiandika tu "boksi kubwa, besi balaa", jiandae kurudishiwa mzigo.