Kutulia si kuwa thabiti

Sisi wanafunzi wa isimu tunapotafsiri hisabati, neno la Kifaransa «stable» tunaliandika «tulivu» au «thabiti», lolote linalotangulia kuja. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba jiometria ya tufe inatulazimisha kuchagua.

Tuchukue Ikweta, inayopita nchini mwetu. Tuseme dunia ni tufe kamili, na Ikweta ni uzi wa mpira uliovutwa juu yake. Uzi huo umetulia: hauna sababu ya kwenda kaskazini wala kusini. Lakini ukiusukuma wote kidogo kuelekea kaskazini, unafupika, kisha unazidi kuteleza. Ikweta ina kilomita 40 000 hivi. Duara la nyuzi 60 lina nusu yake tu. Basi Ikweta ni tulivu, ila si thabiti.

Wanahisabati hulipima jambo hilo kwa namba. Kila msukumo una umbo lake. Opereta ya Jacobi hupokea umbo hilo na kutoa umbo jingine. Lakini yako maumbo yanayotoka vile vile yalivyoingia, yamezidishwa tu kwa namba. Namba hiyo Kifaransa huiita «valeur propre». Mitaani kwetu «propre» ni safi. Hapa maana yake ni «ya kwake mwenyewe». Kwa hiyo napendekeza «thamani binafsi».

Kwenye duara kuu la tufe lenye nusukipenyo 1, kulisukuma lote upande mmoja kuna thamani −1: urefu unapungua. Kuliinamisha kuna 0, kwa kuwa linageuka duara kuu jingine la urefu ule ule. Kulikunja kwa mawimbi mawili kuna 3: urefu unaongezeka.

Mwaka 1968, James Simons alithibitisha jambo pana zaidi. Chukua uso uliofungika, usiojikata, wenye vipimo n, ndani ya tufe la vipimo n + 1 na nusukipenyo 1. Hata kama eneo lake limetulia, uso huo hauwi thabiti kamwe. Ikiwa ni ikweta ya tufe hilo, thamani binafsi ya kwanza ni −n; ikiwa ni uso mwingine wowote, ni −2n au chini yake. Katikati hakuna kitu. Kwa vipimo viwili, ikweta ina −2, na torasi ya Clifford, yenye umbo kama la tairi, ina −4 kamili.

Sasa jaribuni kuitafsiri kanuni ya Simons kwa neno moja tu. Mtapata: «uso tulivu si tulivu». Msomaji atadhani hisabati inajipinga, kumbe ni mtafsiri aliyeyachanganya. Kiswahili kina maneno mawili tayari. «Tulivu» liwe la kitu kisicho na sababu ya kusogea, na «thabiti» la kile kisichoteleza hata kikisukumwa.