KLABU KUBWA, NYUMBA YA KUPANGA

Sisi wa Kayole tunajua maana ya kupanga. Landilodi akitaka kupaka rangi, unatoa vyombo nje. Akiuza ploti, unahama wewe mwenyewe. Hebu niwaeleze jinsi klabu ya kandanda nayo huweza kuishi hivyo hivyo.

Chukua Gor Mahia. Ilianzishwa mwaka wa 1968, na 1987 ikanyakua Kombe la Washindi Barani Afrika. Lakini uwanja wake yenyewe haina! City Stadium pale Jogoo Road ni mali ya kaunti. Nyayo na Kasarani ni za serikali. Hizo mbili zilipofungwa zikarabatiwe kwa michuano ya CHAN ya 2025, Kogalo ikawa leo Machakos, kesho Kisumu, na sisi mashabiki wa Eastlands tukabaki na redio.

Sasa vuka mpaka hadi Chamazi, Dar es Salaam. Azam FC, iliyopanda ligi kuu 2008 tu, ina uwanja wake tangu 2010. Unabeba watu wapatao 10,000, si hata nusu ya Kasarani. Lakini una taa za mechi za usiku, na papo hapo pana hosteli na mahali pa mazoezi. Kijana anayelelewa na klabu hulala, hula na kufanya mazoezi pamoja na wenzake. Siku ya mechi klabu haimlipi mtu kodi ya uwanja. Ni kweli ina tajiri nyuma yake, kampuni ya Bakhresa, lakini tajiri huyo alianza kwa kujenga nyumba. Matunda? Mwaka wa 2014 Azam ilitwaa ubingwa wa Tanzania bila kushindwa hata mara moja, na 2015 ikailaza Gor 2-0 katika fainali ya Kombe la Kagame. Jamani, mpangaji alichapwa na mwenye nyumba!

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Uwanja wetu wa vumbi hapa mtaani tumeuita wetu tangu tukiwa chekechea. Muhula uliopita tukakuta mabati yamezungushwa, lango moja likiwa ndani. Tulipolalamika tukaulizwa, "Hati mnayo?" Tukanyamaza kimya.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Uwanja wa kisasa hauanzi na nyasi wala taa. Huanza na karatasi yenye jina la mwenyewe. Wazee wa mtaa wameanza kuitafuta yetu. Hadi ipatikane, Jumamosi tunacheza boli ya lango moja.