Nitrojeni yenye alama yafichua siri ya samadi

Wanafunzi wetu hukariri kwamba samadi hurutubisha udongo, wakaandika hivyo mtihanini na kupata maksi. Ni wachache mno wanaouliza: nitrojeni iliyomo katika kinyesi cha kondoo huufikia mmea lini, na kwa kiasi gani? Swali hilo si dogo. Mkulima ategemeaye samadi pekee aweza kuvuna haba ilhali zizi lake limejaa.

Ugumu wa kulijibu ni kuwa nitrojeni ya samadi ikishaingia udongoni haitofautiki na ile iliyoikuta humo. Hata hivyo, maumbile yenyewe yametupa msaada. Karibu atomu zote za nitrojeni zina nyutroni 7. Takriban 4 tu katika kila 1,000 zina nyutroni 8. Hizo ndizo za isotopu iitwayo nitrojeni-15. Ni nzito kidogo, wala haitoi mnururisho. Kwa hivyo haimdhuru mnyama aliyeila.

Watafiti wa Denmark, waliochapisha kazi yao mwaka 1994, walimlisha kondoo nyasi kavu zenye nitrojeni-15 kwa wingi. Alama ile ilipita tumboni ikatokea katika kinyesi na mkojo. Mbona wasichanganye kinyesi na kemikali yenye alama? Kwa sababu kemikali ingetia alama amonia pekee, na kuiacha nitrojeni iliyofungamana na mabaki ya majani na vijidudu vya tumboni.

Utafiti wa aina hii hututenganishia mambo mawili. Nitrojeni ya mkojo hugeuka amonia kwa siku chache. Mmea huipata upesi, au hewa huichukua. Ile ya kinyesi huachiliwa polepole, na sehemu yake kubwa husalia udongoni baada ya msimu wa kwanza.

Basi zizi lisilo na paa wala matandiko ya kufyonza mkojo hupoteza kilicho chepesi kutumika, likamwachia mkulima kile kinachokawia. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Nitrojeni-15 ndiyo daftari la samadi. Walimu wa kilimo na kemia na walifungue pamoja mbele ya wanafunzi, kwani wengi wao hutoka katika nyumba zenye zizi.