Wimbo wa Zamani Katika Darasa la Leo

Mwalimu apelekwaye kufundisha Bariadi, Maswa au Itilima atakuta hazina kubwa ya nyimbo. Baada ya mavuno Wasukuma hushindana kwa ngoma katika makundi mawili makuu, Bagika na Bagalu, ambayo asili yake ni mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Kila kundi huimba kujisifu na kumkejeli mpinzani. Je, wimbo wa namna hiyo ukiingizwa darasani, tubadilishe nini na tubakize nini?

Yafaa kwanza tutazame mfano wa mbali. Katika kumbi za burudani za Berlin, kati ya vita kuu mbili za dunia, waimbaji waliwakejeli wakubwa, hadi Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933. Kejeli hiyo iliingia pia katika tamthiliya. Mwaka 1928 Kurt Weill na Bertolt Brecht walitoa Die Dreigroschenoper, yenye wimbo juu ya Mackie, mhalifu na muuaji. Mwaka 1955 Louis Armstrong aliurekodi kwa mtindo wa jazi, nao ukawa wimbo wa kuchangamsha. Lahani imedumu, lakini asikiaye lahani peke yake hatajua kwamba wimbo huo unasimulia mauaji.

Hatari hiyo ipo kwetu pia. Bugobogobo ni ngoma ya wakulima waliolima pamoja, jembe likifuata mdundo. Siku hizi huchezwa pia jukwaani, majembe yakirushwa hewani. Mtoto aonaye majembe pasipo kuelezwa kazi ameona mchezo tu.

Kwa hiyo, mwanachuo, fuata hatua tatu. Kwanza, wanafunzi wawaulize wazee: wimbo huu uliimbwa na nani, wapi, na kwa sababu gani? Pili, wauimbe kama ulivyo, pamoja na vitendo vyake, ukiwafafanulia maneno magumu. Tatu, watunge maneno mapya kwa lahani ile ile.

Katika hatua ya tatu hapana budi uwe mwangalifu. Usiwagawe watoto kwa kufuata makundi ya wazazi wao, wala usiruhusu mwenzao akejeliwe kwa umaskini au umbile. Kejeli ielekezwe kwenye tabia, kama vile uvivu wa kupalilia pamba. Ukiondoa kejeli yote, umeua wimbo. Ukiiachia bila mipaka, umemwumiza mtoto. Kupima baina ya hayo mawili ndiyo kazi ya mwalimu.