Lupita Nyong'o na Sehemu Ambayo Haijaandikwa

Jina la Bibi Lupita Nyong'o, mchezaji sinema, si geni tena katika mwambao wetu. Sinema zake hufika hata Mkwaja, kijiji cha wavuvi kilicho kati ya Pangani na Saadani, mbali na majumba ya sinema ya mijini. Hufika kwa njia ya mabanda ya video na simu za mkononi, nyingine zikiwa zimekwisha kutiwa maneno ya Kiswahili na wale wafasiri ambao tangu siku za Lufufu wamezoea kusimulia picha za kigeni kwa ulimi wa nyumbani. Mengi yameandikwa juu ya mavazi yake, nywele zake na weusi wa ngozi yake. Sisi leo hatuna haja na hayo. Twataka kuitazama kazi yake: ni watu gani aliopewa kuwaigiza, ni nani aliyewaandika watu hao, na kwa nini jambo hilo lamhusu mkazi wa Mkwaja.

Yafaa kwanza tumkumbushe msomaji asili yake. Bibi huyu ni Mkenya, aliyezaliwa katika jiji la Mexico mwaka 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha huko, akalelewa Nairobi. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alicheza sehemu ya Juliet katika mchezo wa Shakespeare pamoja na kundi la Phoenix la Nairobi. (Sisi Watanzania tulikwisha kumsikia Shakespeare akisema Kiswahili tangu mwaka 1963, Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Julius Caesar, wala hatuoni kwa nini Juliet naye asiseme Kiswahili siku moja.) Baadaye akafanya kazi ndogo ndogo nyuma ya kamera katika The Constant Gardener, picha iliyopigwa Kenya na kutolewa mwaka 2005.

Mwaka 2009 alionekana katika televisheni, katika mchezo uitwao Shuga uliotengenezwa ili kuwaonya vijana juu ya UKIMWI. Humo alikuwa Ayira, mwanafunzi wa Nairobi mwenye kutaka makuu, aliyejiingiza katika mambo ya mapenzi na mtu mzima mwenye cheo na fedha. Wengi waliomjua bibi huyu kwa utukufu wa baadaye hawakuiona kazi ile, nayo haitajwi sana. Lakini yafaa itajwe. Iliandikwa kwa ajili ya watu wa kwetu, na mzazi wa Tanga au wa Mombasa alimtambua Ayira mara moja bila kuelezwa na mtu. Mwaka huo huo akatoa picha aliyoiongoza mwenyewe, In My Genes, inayowaonyesha Wakenya wenye ualbino wakieleza maisha yao kwa vinywa vyao. Sisi katika Tanzania twajua uzito wa jambo hilo. Katika miaka ile ile ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya ushirikina, hata mwaka 2008 Rais Kikwete akamteua Bibi Al-Shaymaa Kwegyir kuingia Bungeni ili sauti yao isikike humo.

Sehemu iliyomtambulisha kwa ulimwengu ni ya Patsey, katika picha ya 12 Years a Slave ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Steve McQueen. Patsey hakubuniwa. Alikuwa mtu wa kweli, mjakazi katika shamba la pamba la Edwin Epps huko Louisiana, na habari zake ziliandikwa na Solomon Northup, mtu huru wa New York aliyetekwa mwaka 1841, akauzwa, akakaa utumwani miaka 12, kisha akatoa kitabu chake mwaka 1853 baada ya kukombolewa. Northup aeleza kwamba mama yake Patsey alitolewa Guinea, na kwamba Patsey mwenyewe aliweza kuchuma ratili 500 za pamba kwa siku moja, kazi iliyowashinda wanaume. Wala uhodari huo haukumfaa kitu. Bwana alimchukua kwa nguvu, bibi wa nyumba akamwonea wivu, na mjakazi akaadhibiwa kwa ajili ya wote wawili. Siku moja alikwenda shamba la jirani kuomba kipande cha sabuni, kwa kuwa bibi yake alimnyima hata ya kuogea. Aliporudi alifungwa, akachapwa viboko mpaka mgongo ukachanika, na sehemu ya viboko hivyo ilipigwa na Northup mwenyewe kwa kulazimishwa.

Mchezaji dhaifu angalimfanya Patsey kuwa mtu wa kuhurumiwa tu. Bibi Nyong'o hakufanya hivyo. Pana mahali katika picha hiyo ambapo mjakazi yule amekaa majanini akisokota vijisanamu kwa maganda ya mahindi, taratibu, kama afanyavyo mtoto yeyote wa shamba asiye na shughuli. Tazamaji wa pale huliona jambo ambalo hotuba nyingi juu ya utumwa zimeshindwa kulionyesha, yaani kwamba aliyeuzwa alikuwa mtu kamili aliyekuwa na mchezo wake na utoto wake. Tarehe 2 Machi 2014 bibi huyu alipewa tuzo ya Oscar, akawa Mkenya wa kwanza kuipata. Na katika shukrani zake alimkumbuka Patsey.

Sasa na tuitazame Mkwaja. Fukwe hizi, kutoka Pangani kupita Kipumbwi na Mkwaja mpaka Saadani na Bagamoyo, ndizo zilizokuwa mwisho wa njia za misafara kutoka bara. Wengine waliofikishwa hapa walivushwa kwa majahazi kwenda katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba. Wengine walibaki huku huku wakilima miwa kandokando ya mto Pangani. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara hiyo baharini, nayo haikukoma kwa sahihi. Iliendelea kwa siri. Basi kijana wa Mkwaja aweza kukueleza jinsi Patsey alivyochapwa Louisiana, kwa kuwa ameona kwa macho yake. Mwulize juu ya wajakazi wa mashamba ya miwa ya Pangani, ambako ni safari fupi tu kutoka kwao, utamwona amenyamaza. Hatumlaumu. Hajaonyeshwa.

Baada ya tuzo ile wengi tulitazamia kwamba milango yote ingefunguka. Bibi Nyong'o mwenyewe ameeleza hadharani kwamba maombi yaliyomfikia yalikuwa ya kumtaka acheze mtumwa tena, safari hii ndani ya merikebu ya watumwa. Akakataa, na twaona alifanya vema. Lakini hebu msomaji atazame orodha ya kazi zilizofuata. Katika Star Wars ya mwaka 2015 alikuwa Maz Kanata, kiumbe mdogo mwenye miwani mikubwa, aliyechorwa chote kwa mitambo. Katika The Jungle Book ya mwaka 2016 alikuwa mama mbwamwitu, Raksha. Tulisikia sauti tu. Katika The Wild Robot ya mwaka 2024 alikuwa roboti aitwaye Roz, sauti tena. Ufundi wake katika kazi hizo haukanushiki, maana kumliza mtazamaji kwa sauti peke yake si kazi ya kila mtu. Hata hivyo ni ajabu kwamba dunia iliyomsifu mwanamke huyu kwa uso wake ilifanya haraka kuuficha uso huo. Mwaka 2019 uso ulirudi, tena mara mbili, katika picha ya kutisha ya Jordan Peele iitwayo Us, ambamo alicheza mama wa nyumba na pia yule kivuli chake aliyetoka chini ya ardhi kuja kumdai. Watu wawili hao wanatofautiana mwendo, sauti, hata namna ya kutazama. Waamuzi wa Oscar hawakumtaja kabisa mwaka ule, nasi hatukuielewa hukumu yao.

Vijana wanampenda zaidi kwa sehemu ya Nakia katika Black Panther ya mwaka 2018. Tunapomwona mara ya kwanza, yumo msituni Nigeria, amejichanganya na wanawake waliotekwa na wanaosafirishwa kwa magari usiku, naye ni mpelelezi aliyekuja kuwaokoa. Huo ni msafara wa watumwa wa zama hizi, ila safari hii aliye ndani yake ana silaha. Picha ile ilipata kiasi cha dola bilioni 1.3 duniani. Twaifurahia, wala hatutaki kuwanyang'anya vijana furaha yao. Lakini Wakanda si nchi. Haina bandari, haina bei ya samaki, wala ofisi ya mtendaji wa kijiji. Na Waafrika wake husema Kixhosa baina yao kidogo, kisha hurudi kwenye Kiingereza.

Tofauti yake ni Queen of Katwe, iliyotoka mwaka 2016 chini ya uongozi wa Mira Nair, mwenye makao Kampala. Humo Bibi Nyong'o ni Nakku Harriet, mjane anayeuza mahindi katika mtaa wa Katwe, mama wa Phiona Mutesi aliyeinuka katika umaskini ule akawa bingwa wa sataranji. Harriet ni mkali, ana hofu, hawaamini watu wanaokuja kumwahidi binti yake makubwa. Mvua ikinyesha mtaa hufurika. Na anauza kitambaa alichokithamini ili binti apate mafuta ya taa ya kusomea. Sisi twaiona hii kuwa kazi bora ya bibi huyu baada ya Patsey. Mama huyu yuko Katwe, yuko Manzese, yuko Mkwaja akianika dagaa. Na picha hiyo ilipata dola milioni 10 tu, pungufu ya gharama yake. Watengenezaji wa Marekani husoma hesabu za namna hiyo kwa makini kuliko tunavyozisoma sisi, na ndiyo sababu akina Nakku Harriet ni wachache na roboti ni wengi.

Mwaka 2019 alitokea pia katika habari ya televisheni ya Uingereza, akisafiri nchini Benin kutafuta habari za wale askari wanawake wa Dahomey ambao wafuasi wa Black Panther huwatukuza. Alichokikuta kilimwumiza, maana mashujaa wale waliteka watu wa vijiji vya jirani, nao mateka wakauzwa. Hakuificha habari hiyo mbele ya kamera. Twamheshimu kwa hilo, kwa kuwa na sisi mwambao huu tuna deni la namna hiyo. Yeyote atakayeandika habari za Pangani hana budi kuandika pia juu ya mwenye miwa, mwenye jahazi, kiongozi wa msafara aliyekuwa mweusi kama aliyefungwa, na mjomba aliyemtoa mpwa wake kulipa deni.

Visa vya kuandikwa vipo. Wanafunzi wa zamani wa shule za misheni wamepata kusikia jina la Swema, mtoto wa Kiyao aliyeuzwa katika miaka ya 1860. Alipochukuliwa, mama yake, ambaye hakuwa na mtu mwingine, aliingia katika msafara kwa hiari yake ili asitengane na mtoto. Akachoka njiani, akaachwa afe. Swema alifika Kilwa, akavushwa mpaka Unguja, na kwa kuwa alionekana hana uhai akafungwa katika mkeka na kufukiwa juu juu. Kijana mmoja wa kisiwa cha Réunion alimfukua, akampeleka kwa masista. Mapadri waliyaandika maneno yake na kuyapeleka Ulaya, na hatuna shaka waliyapamba kwa faida ya wafadhili wao. Lakini chini ya mapambo hayo yuko mtoto na yuko mama.

Msomaji atatuuliza: je, mwamsifu Bibi Nyong'o kwa kukataa minyororo, kisha mwataka kumfunga nyingine? La. Alichokataa ni kurudia maumivu yale yale yaliyoandikwa na watu wa mbali kwa soko la mbali. Mama yake Swema hakufungwa. Alitembea kwa miguu yake akimfuata mwanawe. Wala si lazima achezwe na Bibi Nyong'o, ingawa Kiswahili anakijua na umri wake sasa unafaa. Wapo wachezaji wa Tanzania wanaoiweza sehemu hiyo, wakipewa maneno ya kusema.

Maneno ndiyo yaliyotupungukia siku zote. Marehemu Mzee Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1962, alikuwa mchezaji sinema. Alicheza sehemu kuu katika Muhogo Mchungu, moja ya picha zilizotengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kipaji kilikuwa chetu, shabaha ya picha ikawa ya serikali ya mkoloni. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa sinema, na Bibi Ikhlas Gafur Vora akacheza sehemu ya Yasmin. Ikaonyeshwa Toronto, kisha ikapelekwa kwa niaba ya Tanzania kushindania Oscar. Kiswahili chake hakikuizuia kupita mlango wowote.

Chuo cha sanaa, TaSUBa, kipo Bagamoyo, mji ule ule ambao misheni iliwaweka watumwa waliokombolewa tangu mwaka 1868. Twapendekeza kwamba chuo hicho na Bodi ya Filamu watangaze shindano la kuandika mchezo wa sinema juu ya mwambao huu katika karne ya 19, kwa Kiswahili, na sehemu kuu iwe ya mwanamke. Nao wasomaji wetu wa Mkwaja, Kipumbwi na Saadani waliosikia kwa bibi na babu zao habari za zama hizo, hata kama ni jina la mtu mmoja au la mahali majahazi yalipotia nanga usiku, tunawaomba watuandikie.