Karatasi za ukutani: wengi hupungukiwa rola moja

NDANDA – Malipo ya korosho yakianza kutoka, kuanzia Oktoba, fedha nyingi huishia kwenye nyumba: kwanza bati na saruji, mapambo baadaye. Anayetaka karatasi za ukutani aangalie hesabu kabla ya bei.

Rola ya kawaida ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10. Chumba cha mita 4 kwa 3, kuta mita 3 kwenda juu, kina mzunguko wa mita 14. Wengi hutafuta eneo, mita za mraba 42, wakagawa kwa 5.3 na kununua rola 8. Hazitoshi. Rola hutoa vipande vitatu tu vya kushuka. Mita moja inayobaki haifiki dari. Mzunguko huo unataka vipande 27, yaani rola 9. Mlango mmoja haupunguzi kitu.

Maua makubwa ndiyo balaa. Ua likijirudia kwa umbali mkubwa, rola huweza kutoa vipande viwili tu: hapo zitakwenda 14.

Kufuata rola moja Masasi ni nauli tu. Kibaya zaidi, ya shehena nyingine huweza kupishana rangi, hivyo namba ya toleo iandikwe kwenye risiti.